Mawe Manne ya Bruda Leo

Pa.

Ulikuwa mlio mmoja mfupi, wa mpira kutua kwenye glavu ya ngozi. Baltazari Mniko aliusikia mwaka 1978, akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo haukumtoka masikioni. Ulilia kabla mguu wake haujagusa jiwe. Ugomvi wote ulianzia hapo, kwenye hiyo kabla.

Mchezo wenyewe watu wengi wa mkoa wa Mara hawakuujua wakati ule na hawaujui leo. Uliletwa na Bruda Leo, Mmarekani wa misheni aliyekuja kufundisha useremala. Aliuita besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio kupita vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani. Mpira ukimtangulia, na mlinda nyumba akamgusa nao, basi ametoka. Bruda alikuwa akinyoosha kidole gumba na kupaza sauti, "Auti!" na watoto wa Bunda, Musoma na Butiama wakalichukua neno hilo hadi machungani, wakawa wanawatolea ng'ombe waliokawia kunywa maji.

Viwanja vilikuwa vitatu. Cha Musoma na cha Kabasa, pale Bunda, Bruda alivitengeneza kiangazi kimoja. Cha Butiama kilikuja baadaye, wakati wa masika. Kwa kuwa futi yake ilikuwa imekatika, vyote vitatu alivipima kwa kamba moja ya ngozi ya ng'ombe, mikanda mingi iliyounganishwa kwa mafundo, ambayo ilitunzwa nyumbani kwa baba yake Baltazari huko Kabasa, juu ya dari la jiko. Kila kituo alikiwekea tofali bapa la saruji alilofyatua mwenyewe na kulifukia hadi usawa wa ardhi. Tofali la nyumbani lilikuwa na pembe tano. Watoto waliyaita yote mawe.

Siku ya fainali, Kabasa walicheza na Butiama katika uwanja wa Butiama. Baltazari alikuwa kituo cha tatu. Mwenzake alipopiga, yeye alichomoka. Kwa kawaida alihesabu hatua zake. Kabasa na Musoma alifika nyumbani kwa hatua kumi na saba, si zaidi. Butiama hatua ya kumi na saba ilikanyaga majani. Akasikia pa. Hatua ya kumi na nane ndiyo iliyogusa jiwe, na glavu ilikuwa tayari imemgonga begani.

Aliyekuwa ameivaa glavu hiyo ni Burito, rafiki yake.

Na asubuhi ya siku ileile, wakati timu ya Kabasa inashuka kwenye lori la misheni, Baltazari alimwona Burito amepiga magoti kando ya jiwe la nyumbani, jembe mkononi. Hakulitilia maanani. Baada ya mchezo akalitilia. Akarudi uwanjani, akapima kwa mguu wake kutoka jiwe la tatu hadi nyumbani, akaona pamezidi. Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, akasimama mlangoni na kumnyooshea Burito kidole.

"Huyu ni mwizi. Amehamisha jiwe."

"Sijahamisha kitu," Burito alisema. "Nilikuwa nafukia shimo. Mvua ilikuwa imechimba."

Hawakusalimiana tena. Huo ni mwaka wa arobaini na sita sasa.

Haikusaidia kwamba Baltazari, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, alimpenda Yuliana, na Yuliana alikuwa mdogo wake Burito. Siku ya mahari ng'ombe walipokelewa na wazee. Burito alikaa nyuma ya zizi akichonga mpini ambao, wanasema, mpaka leo haujapata jembe. Baltazari hajawahi kumwita shemeji. Akilazimika kumtaja husema "yule wa Butiama".

Kazi aliyoipata ilimfaa kuliko alivyojua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mizani katika ununuzi wa pamba wilayani Bunda. Wakulima walimwogopa. Aliweza kutambua gunia lililofichwa mawe kwa namna lilivyolala chini. Na pamba iliyomwagiwa maji ili uzito uongezeke aliigundua kwa vidole viwili tu. Alivizamisha katikati ya gunia, akafumba macho kidogo, akavitoa. "Hii imelala na maji," angesema. "Kaanike." Hakukosea. Wakulima wa Nyamuswa walikuwa wakimwita Vidole, na si kwa mapenzi.

Alistaafu na vidole vyake na mashaka yake. Akiletewa chai aliangalia kwanza chini ya kikombe. Mchungaji wa mtaa wa pili aliposimama kumsalimia, alijiuliza anataka nini. Yuliana alizoea, alisema ameolewa na mizani.

Mwaka huu binti yao Happyness, anayeuza katika duka la dawa Musoma, alipata mchumba. Wazee wa upande wa kijana wakaleta barua, wakapanga Jumamosi ya kuja kuzungumza mahari. Na kwao, mjomba asipokuwapo, mazungumzo hayafunguliwi. Mjomba ndiye anayeanza kusema. Wageni watanyweshwa soda, wataulizwa habari za mvua, na watarudi walikotoka na aibu yao. Happyness alikuwa na mjomba mmoja tu.

Yuliana alikwenda Butiama, akarudi na jibu.

"Amesema atakuja. Ila kwanza wewe useme palepale Butiama, mbele ya watu, kwamba yeye si mwizi."

"Nilipima."

"Ulipima kwa mguu wa mtoto, Baba Happyness. Omba radhi yaishe, mtoto aolewe."

"Siombi radhi kwa kipimo nilichokisoma mwenyewe."

Lakini usiku ule hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa na mpango. Angevizungukia viwanja vyote vitatu, avipige picha jiwe kwa jiwe, na futi ya chuma ikionekana ndani ya picha. Kabasa na Musoma zingeonyesha kipimo halali. Butiama ingeonyesha wizi. Kisha angeziweka picha mbele ya Burito na kumwambia, haya, wewe ndiye wa kusema.

Kwa Happyness hakusema hivyo. Alimwambia anataka kumbukumbu za viwanja alivyochezea utotoni, kabla havijaisha, kwa ajili ya albamu ya harusi.

Happyness alimtazama. "Wewe, baba? Albamu?"

"Kuna ubaya?"

"Hamna. Ila hujawahi kupenda picha. Hata ya kitambulisho ulibishana na mpiga picha."

"Alikuwa ameniongezea kipara."

Walianza na Kabasa, kwa kuwa ni hatua chache kutoka nyumbani. Uwanja umejaa nyumba sasa. Jiwe la kwanza limo ndani ya msingi wa duka la mbao, hawakuliona kabisa. La pili liko uani kwa mama mmoja aitwaye Recho, ambaye alikuwa akifua, na alipoona mzee anafunua futi na binti anainua simu, aliinuka povu likiwa bado kwenye viwiko.

"Ninyi ni wa ardhi?"

"Hapana mama. Mimi nilikuwaga wa pamba."

"Wa pamba wanapimaga uani kwa watu?"

"Tunapiga picha jiwe hili tu. Zamani watoto walichezea hapa."

"Hii jiwe ndiyo bikoni yangu ya mpaka," Recho alisema, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. "Hapa mpaka kwa Mama Penina ni kwangu. Mtu asiniletee mchezo."

Ilibidi Happyness amwonyeshe picha zote zilizomo kwenye simu, hadi za mchumba wake, ndipo mama akasogea, na hata hapo aliacha kidole kimoja cha mguu juu ya jiwe. Kidole hicho kimo kwenye picha. Kutoka jiwe hilo hadi la tatu, lililokuwa njiani mbele ya genge la nyanya, futi ilisoma mita ishirini na nne. Baltazari aliitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akifanya gunia linaposema kweli.

Musoma walikwenda kwa basi la asubuhi. Kule uwanja umekuwa yadi ya malori, na mlinzi akawauliza maswali mengi kuliko polisi. Mbona mzee anapima? Mbona binti anapiga picha namba za magari? Hapigi namba, anapiga chini. Chini kuna nini? Baltazari alianza kumweleza habari ya besiboli, na kadiri alivyoeleza ndivyo mlinzi alivyozidi kuamini kwamba anadanganywa.

"Mzee, nimezaliwa hapahapa Musoma. Mchezo huo haupo."

"Ulikuwapo."

"Eti mtu anakimbia halafu anarudi palepale alipotoka? Sasa amekwenda wapi?"

Happyness alicheka mpaka akashika ubavu. Mlinzi naye akacheka, lango likafunguka kidogo. Mawe mawili yalikuwa bado yanaonekana kati ya madoa ya oili, la tatu na la nyumbani, lile la pembe tano. Mita ishirini na nne kamili. Happyness alipiga picha. Baba yake akaomba apige tena, namba ya futi ionekane vizuri. Kisha tena.

Kwenye basi la kurudi Happyness alizitazama picha moja moja. Katika kila picha kulikuwa na futi.

"Baba. Hii siyo albamu."

Baltazari alitazama nje, ng'ombe walikuwa wakivushwa barabara.

"Unakusanya ushahidi juu ya mjomba."

"Nakusanya kweli."

"Na ukiipata nitafanya nayo nini?" Happyness alisema. "Kweli yako itakaa kwenye kiti cha mjomba Jumamosi?"

Alhamisi, Baltazari alipochukua bodaboda kupitia Nyamuswa kwenda Butiama, binti yake alikuwa kwenye bodaboda ya nyuma. Alisema anakwenda kumlinda mjomba wake.

Uwanja wa Butiama ulikuwa haujaguswa. Ndama wanalishwa hapo, majani yamekatwa mafupi na meno yao, na mawe yote manne yapo, meupe kidogo, mahali palepale. Baltazari aliyaona tangu barabarani, moyo ukamwenda mbio kama wa mtoto. Mji wa Burito uko ng'ambo ya jiwe la nyumbani, zizi likitazama uwanja. Kwa hiyo alikuwa amekaa na jiwe hilo machoni miaka yote hii. Baltazari alilifikiria jambo hilo na kulifanya nalo kuwa ushahidi. Anayelinda kitu ana sababu.

"Shika hapa kwenye la tatu," alimwambia Happyness. Yeye akavuta futi hadi nyumbani, akainama, akavaa miwani.

Mita ishirini na tano na nusu.

Alisoma mara mbili. Akaiacha futi chini, akasimama wima, akapumua kwa pua. Miaka arobaini na sita. Mita moja na nusu. Hatua moja ya mtoto anayekimbia.

"Piga picha," alisema. "Namba ionekane."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Wanawake wawili waliokuwa na madumu, kijana wa ng'ombe, mzee mwenye redio. Mmoja akasema hao ni wa kupima ardhi, mwingine akasema ni wa madini, na mzee mwenye redio akasema kama ni wa madini waseme mapema ili naye ahamishe viazi vyake. Ndipo Burito alipotoka zizini. Amekuwa mwembamba, amekonda mabega, lakini mwendo ni uleule, wa mtu asiye na haraka ya kukupisha. Alisimama upande wa pili wa jiwe.

"Shikamoo mjomba," Happyness alisema.

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?" Hakumtazama Baltazari. "Mwambie huyu uliyekuja naye kwamba nina kesi ya mpaka katika baraza la kata. Kama ametumwa na wale wapinzani wangu kuja kunipiga picha, afute."

"Mwambie yule," Baltazari naye alimwambia Happyness, "kwamba sijatumwa. Na mwambie ni ishirini na tano na nusu. Kabasa ishirini na nne. Musoma ishirini na nne. Aseme mwenyewe mita na nusu imetoka wapi."

Burito alitazama futi iliyolala kwenye majani, uso haukubadilika. Baltazari aliutafuta ule mtikisiko anaoujua, wa mkulima aliyeficha mawe wakati gunia linafunguliwa. Hakuuona. Hilo likamuudhi zaidi.

"Tupime na pande nyingine," Happyness alisema.

"Hakuna haja."

"Baba, ni wewe ulinifundisha. Gunia moja halitoshi, pima mzigo wote."

Watu waliokusanyika wakamwunga mkono. Walikuwa wameshaacha shughuli zao, walitaka faida ya kusimama. Mzee mwenye redio aliipunguza sauti. Baltazari akachukua ncha ya futi.

Nyumbani hadi la kwanza, ishirini na tano na nusu.

La kwanza hadi la pili, ishirini na tano na nusu.

La pili hadi la tatu alisoma Happyness, kwa sauti. Ishirini na tano na nusu.

"Ameyahamisha yote," Baltazari alisema, na alipojisikia akisema hivyo aliona aibu.

"Yote manne!" Burito sasa alimgeukia, mara ya kwanza. "Mimi mtoto wa darasa la sita, na jembe moja, nikayang'oa mawe manne ya saruji nikayapanga sawasawa kama fundi. Kwa nini nisingejenga na nyumba kabisa?"

Wanawake wa madumu walicheka. Burito hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa kitu kilichokaa chini ya kitanda muda mrefu, "Mama yangu alikufa watu wakisema mwanawe aliiba jiwe. Hapa mnadani, kitu kikipotea, walikuwaga wananitazama mimi kwanza. Kesi hii ya mpaka, unadhani wanaleta hoja gani? Wanasema, si yule aliyehamisha mawe ya Bruda?"

Akili ya Baltazari ilikuwa bado inakimbia, inatafuta mwizi. Nani basi? Bruda? Bruda alipima vilevile kila mahali, kwa kamba ileile. Aliiona kamba hiyo akilini, fundo la mwisho, rangi yake ya kahawia. Kamba moja kwa viwanja vitatu haiwezi kutoa vipimo viwili.

"Njoo unywe maji mwanangu," Burito alimwambia Happyness. "Umechomwa na jua kwa ujinga wa watu wazima."

Akageuka kwenda zizini. Happyness akamfuata. Baltazari, kwa kuwa hakujua aende wapi, akafuata pia, akasimama kwenye lango. Kando ya lango palikuwa na karai la maji, na ndani yake ukanda wa ngozi wa kufungia ndama umelowekwa, umejikunja kama nyoka aliyelala.

Aliinama. Hakujua kwa nini, ni vidole tu. Aliuinua ukanda, akaushika kati ya vidole viwili, akafumba macho kidogo. Ulikuwa mlaini, umejaa maji. Akauvuta. Ukafuata mkono, ukarefuka, ukafuata tena, bila kukatika, bila kulalamika.

Akaona jiko la baba yake huko Kabasa. Kamba juu ya dari, imekauka na moshi hadi imekuwa ngumu kama fito. Bruda amesema kesho asubuhi lori linapita, Baltazari aje nayo Butiama wakaweke mawe. Na mtoto wa miaka kumi na mitatu anataka Bruda amsifu, hataki kupeleka kitu kigumu kisichokunjuka. Baba amekwishamfundisha, ngozi ikikauka unaifanyaje. Hori la maji ya ng'ombe liko uani, limejaa mvua. Anaizamisha yote, anaiwekea jiwe juu isielee. Asubuhi inakunjuka vizuri. Bruda anashika ncha moja, Burito nyingine, wanavuta, wanavuta mpaka inyooke, na Bruda anasema, "Kijana huyu ana akili."

Miaka thelathini na mmoja ametia vidole kwenye magunia ya watu.

Burito alikuwa akirudi na kikombe cha maji. Alimpa Happyness, kisha akamwona mtu yule ameshika ukanda wake, maji yakimtiririka hadi ndani ya mkono wa shati.

"Na hiyo nayo unaipima?"

Watu wa uwanjani walikuwa wamesogea hadi langoni. Mzee mwenye redio alikuwa mbele. Baltazari aliurudisha ukanda kwenye karai kwa mikono miwili, polepole, kama kitu cha mwenyewe. Hakujifuta. Alinong'ona kitu, akiwa bado ameinama.

"Baba?" Happyness alisema.

"Unasema nini?" Burito alimsogelea, mkono nyuma ya sikio. "Sema, watu wako hapa. Sisikii."

Baltazari aliinua uso.

"Kamba ya Bruda, shemeji," alisema, kwa sauti ndogo hivi kwamba hata ndama hawakugeuka. "Niliiloweka mimi."